Jani la Nne kwenye Kanga ya Sista Atrakta

Gaudiosa ameishi Guangzhou miaka tisa. Kila asubuhi hunywa uji wake mtaani Xiaobei, kisha hupanda treni ya metro kwenda mtaa wa Kangle. Huko karakana za nguo zimebanana kiasi kwamba mvuke wa pasi ya huyu humwingia jirani puani. Wateja wa Moshi na Babati humtumia picha, naye huwatafutia nguo na kuwasafirishia. Kazi anaijua. Na kwa kuwa anaijua, haulizi sana.

Safari hii oda ilikuwa ya moyo wake. Sista Atrakta, mtawa wa Ayalandi aliyemfundisha kusoma, alikuwa anarudi kwao baada ya miaka arobaini na mbili Tanzania. Kina mama wa parokia ya kwao Gaudiosa walitaka kuvaa kanga ya sare kwenye misa ya kumuaga.

"Gaudiosa, tutafutie kitu kitakachomgusa," aliagiza Benedicta, mwenyekiti wao.

Zilihitajika doti themanini. Zilipaswa kufika uwanja wa ndege wa Baiyun Jumatano mchana. Zikichelewa, misa ingepita kanga zikiwa njiani.

Jumanne asubuhi Gaudiosa alifuatana na Swalha, binti wa Tanga anayesomea usanifu wa michoro chuo kikuu. Kichina anakinywa kama maji, ndiyo maana Gaudiosa humwomba amtafsirie. Walipofika karakanani walikuta mashine imeshaanza kuchapa. Doti sita zilikuwa mezani, bado zina joto.

"Hebu ona, mdogo wangu!" Gaudiosa alikunjua moja kwa madaha.

Kanga ilikuwa ya kijani. Katikati palikuwa na mmea wenye majani manne. Chini yake paliandikwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Swalha alihesabu majani kwa kidole. Akahesabu tena.

"Dada Gaudiosa, mmea huu umeutoa wapi?"

"Kwenye kadi za Sista. Alikuwa anatugawia kila mwezi wa tatu, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi wao."

"Na kwenye kadi una majani mangapi?"

"Matatu. Lakini matatu yanaelemea upande! Kanga ina pembe nne, bwana. Nikamwambia laoban aongeze moja."

Laoban ni bosi, ndivyo wafanyabiashara wa huku wanavyosema. Laoban Chen, mwenye karakana, alisikia anatajwa, akatabasamu.

"Yarabi!" alisema Swalha. "Mimi Mwislamu, lakini hili tumelisoma darasani. Waayalandi husimulia kwamba Patrisi aliuchuma mmea huo akaeleza habari za Utatu. Majani matatu, shina moja."

Gaudiosa alishika mdomo. "Mama yangu! Nimemwongezea Mungu nafsi ya nne!"

Swalha alijikaza asicheke, akashindwa.

"Wa majani manne upo," alisema alipotulia. "Ni wa bahati. Mtu yeyote huubandika popote. Wa matatu ndio wao."

"Lakini si jani tu, Swalha?"

"Na kanga je, ni kitambaa tu?"

Swalha akamwonyesha picha kwenye simu. Lilikuwa sanduku la posta la kijani, lenye taji kifuani.

"Waingereza walipotawala Ayalandi, masanduku haya yalikuwa mekundu, na taji la mfalme. Nchi ilipojitawala, miaka mia moja iliyopita, wenyewe hawakuyang'oa. Waliyapaka kijani. Taji bado lipo chini ya rangi."

"Wakayafanya yao kwa rangi tu?"

"Kwa rangi tu. Ukienda kutuma barua unajua uko kwenu. Na nembo ya nchi yao ni kinubi. Si simba, si upanga. Ni chombo cha muziki."

Gaudiosa aliitazama tena ile picha. Kumbe watu hujitambua kwa jani, kwa rangi ya sanduku! Hata yeye, katikati ya umati wa Kangle, humjua mtu wa kwao kwa namna alivyojifunga kanga.

"Sista anatoka sehemu gani?" aliuliza Swalha.

"Kisiwa kidogo, magharibi. Alisema hakuna miti, ni mawe tu. Alitujengea ukuta wa bustani shuleni. Mawe matupu, bila saruji, bila udongo. Tulicheka, tukasema utaanguka. Akasema, 'Kwetu tunajenga hivi. Upepo unapita, ukuta unabaki.' Mpaka leo umesimama."

Swalha alitafuta picha nyingine. Kisiwa kizima kilikuwa kimegawanywa kwa kuta za mawe, mpaka baharini.

"Ni ukuta wetu!" Gaudiosa alipiga kelele. "Ni huu huu! Tulikuwa tunaukalia tukitafuna miwa. Kumbe tulikalia nchi ya watu!"

Machozi yalimlengalenga.

"Basi pindo la kanga tumelipata," alisema Swalha.

Laoban Chen hakutaka kusimamisha mashine. "Bu xing, bu xing," alisema, yaani haiwezekani. Oda nyingine ilikuwa inasubiri. Swalha alimweleza taratibu habari za Sista na ukuta wake.

"Ni mwalimu wake?" aliuliza laoban.

"Ndiye aliyemfundisha kusoma."

Laoban aliizima mashine. "Mpaka saa sita."

Safari hii Gaudiosa aliuliza kwanza. Alimpigia Benedicta, ambaye kwake ndiyo kwanza kunapambazuka. Benedicta alikwenda bustani ya shule na kanga yake mabegani, akapiga picha za ukuta jiwe kwa jiwe. Swalha akachora pindo. Saa sita kasoro mashine ilianza tena, na kanga ikatoka na majani matatu.

Jumapili Gaudiosa alitazama misa kwenye simu. Sista Atrakta, mgongo umeinama, alipita mbele ya kina mama themanini. Aliona majani, akatabasamu. Kisha akashika pindo. Kidole chake kikatembea juu ya mawe, polepole, kikasimama.

"Nani amewatumia hii?"

"Gaudiosa, Sista. Anakuona kutoka Uchina," alijibu Benedicta, aliyeshika simu.

Sista aliigeukia simu.

"Gaudiosa, mwanangu," alisema, "huu ni ukuta wa baba yangu."

Zile doti za jani la nne sasa ni mapazia ya chumba cha Gaudiosa. Na mteja akimtumia picha ya kuchapa, humjibu kwanza kwa swali: "Kwenu kukoje?"