Chumba cha Fundi

Walikutana kwenye ngazi za jengo la wauza vifaa vya umeme. Lifti ilikuwa imegoma, watu wamebanana. Mchora ramani za nyumba, katika gauni lake la manjano, alikuwa amekumbatia kompyuta iliyojaa vumbi. Fundi kompyuta mmoja mrefu akampokea bila kuombwa.

"Dada, umeibeba kama mtoto mchanga."

"Ndiyo inayonilisha. Ukiiangusha, utanilisha wewe."

"Basi niiangushe sasa hivi?"

Miezi minne baadaye walikuwa wakiitana mpenzi.

Kisha kompyuta ikakataa kuwaka, siku ileile aliyokusudia kumwonyesha fundi mchoro alioufanya kwa siri. Fundi akachomoa pawasaplai, lile sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Akaunganisha waya wake wa kijani na mweusi ili iwake yenyewe. Feni ikazunguka.

"Hii nzima. Ubao mkuu ndio umekufa."

"Mbona jana ilizimika kila nilipofungua mchoro mkubwa?"

"Wewe chora, mpenzi. Kutengeneza niachie mimi."

Ubao mpya ukafungwa. Kompyuta ikabaki kimya.

"Kama hunisikii leo," mchora ramani alisema, "utanisikia lini? Usinipigie tena."

Siku ya tisa simu ililia.

"Usikate, tafadhali. Nilikosea. Niliipima pawasaplai bila mzigo, bila kitu kizito cha kuvuta umeme, na feni huzunguka hata kwa umeme dhaifu. Wewe uliniambia, nikakubeza."

Mchora ramani alikuwa hajawahi kumsikia fundi yeyote akisema hivyo.

"Njoo."

Fundi alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, balbu ya gari mfukoni. Akaunganisha mita ya kupimia volti kwenye pawasaplai ya zamani, akampa.

"Soma wewe."

"Kumi na mbili."

Fundi akaunganisha balbu, iwe mzigo. Namba ikaporomoka hadi tisa. Kile mchora ramani alichokihisi siku zote, kisichoonekana, kilikuwa kimeandikwa mbele ya macho yake.

Pawasaplai mpya ikafungwa. Kioo kikawaka. Mchora ramani akafungua mchoro wake wa siri: nyumba ndogo, vyumba vitatu, na pembeni chumba cha nne kilichoandikwa *Karakana ya fundi*.

Fundi akayasoma maandishi hayo taratibu, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu.

"Fundi gani huyu?"

"Yule anayesikia."

Fundi akausogelea mchoro, akaugusa mlango wa karakana kwa ncha ya kidole.

"Naona kama meza yangu haitapita hapa. Au nakosea?"

"Hukosei," alisema, akivuta kiti cha pili. "Kaa tuupanue."