Darius Amtafutia Mama Yake Muujiza

Katika kisa hiki mjinga ni Darius mwenyewe, wala hakatai. Ukipita kwenye kibanda chake mtaani Kanyosha, anaposhona viatu, atakuambia: "Kichwa changu kilikwenda matembezi, kikaniacha nyumbani."

Mama yake, Bibi Benite, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wakati wa vita alilea yatima wa kila upande. Watu walikwenda kusali kaburini kwake. Wengine walisema, "Huyu ni mutakatifu." Maneno hayo yalimkaa Darius moyoni. Alisikia kwamba Kanisa linataka muujiza kabla ya kumtangaza mtu mtakatifu. Akawa anausubiri.

Mvua zikaja, na malaria ikaja nazo. Binti yake Kelly akashikwa na homa. Joëlla, mke wa Darius, alileta dawa za dispensari, akamwachia mumewe ampe mtoto, akaenda sokoni kuuza ndagara, wale samaki wadogo wa ziwani.

Darius alizitazama zile dawa. Kelly akipona kwa vidonge, nani atasema ni Bibi Benite? Akazificha juu ya kabati. Akachota udongo wa kaburini, akaukoroga kwenye maji.

"Papa, maji iko na muchanga," Kelly alilalamika.

"Kunywa tu. Bibi yako yuko kazini."

Joëlla aliporudi, aliambiwa mtoto amekunywa dawa. Kesho yake Kelly alianza kukakamaa na kutetemeka, macho yamegeuka. Joëlla alipiga kelele. Masera Caritas, mtawa muuguzi anayeishi jirani, alikuja mbio.

"Dawa alimeza?"

Darius alipandisha mkono juu ya kabati, akashusha vidonge vyote, hata kimoja hakikuguswa.

Hospitalini walimwokoa Kelly. Lakini malaria ilikuwa imepanda kichwani. Sikio lake la kulia halisikii tena.

Darius alikaa kwenye benchi la hospitali, karibu na Masera Caritas.

"Masera, mi nilitaka tu mama apate muujiza."

"Na nani alikuambia inakuwaga hivyo?" Masera Caritas aliuliza. "Kwa kawaida wanangoja miaka mitano baada ya kifo, ili watu wapoe. Halafu askofu anafungua uchunguzi. Wanauliza waliomjua marehemu, hata wale waliogombana naye. Hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mambo yote yanapelekwa Roma. Baba Mtakatifu akikubali kwamba aliishi fadhila kwa namna ya pekee, anaitwa Mheshimiwa."

"Na muujiza?"

"Unakuja hapo. Mmoja, anatangazwa Mwenyeheri. Mwingine baadaye, Mtakatifu. Aliyeuawa kwa ajili ya imani, ule wa kwanza haudaiwi."

"Basi Kelly angepona bila dawa..."

"Apana, Darius! Madaktari wanachunguza kila kitu: ugonjwa gani, alitibiwa namna gani, kama sayansi inaweza kueleza alivyopona. Kanisa halimwambii mutu aache dawa. Unasali, na unameza. Unaweza kumwomba mama yako kimya kimya, si kosa. Lakini usimwite mtakatifu mbele ya watu kabla Kanisa halijasema. Unaweza kuharibu kesi yake."

Tangu hapo Darius humpa Kelly dawa kwa mkono wake, na hasogei mpaka ameona koo linameza. Akikuta mtu anachota udongo kaburini kwa ajili ya mgonjwa, anamsindikiza mwenyewe hadi dispensari. Watoto kadhaa wamepona huko. Akitaka kuongea na Kelly, anazunguka kwanza upande wa kushoto.

Lakini jioni moja, kwenye chakula, mdomo ulimwasha.

"Mama Kelly, mi bado nafikiri. Pengine imani yangu ndiyo ilikuwa ndogo. Ningekuwa na imani kama ya mama..."

Joëlla aliweka sahani chini.

"Papa Kelly, mama yako alinisimulia mwenyewe. We ulishikwa na malaria ukiwa mutoto, akakubeba mugongoni mpaka hospitali, risasi zinalia. Na kaburi la mama yake mwenyewe lilikuwa pale pale, nyuma ya nyumba; udongo wake hakuuchota."