Walimuua Baba kwa Simu Ili Nisipige Kura

Nilifika kwenye msiba wa baba yangu, na baba ndiye aliyenifungulia mlango.

Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Alikuwa amevaa sweta lake la kijivu na kandambili, mkononi kashika kikombe cha chai. Mimi nilikuwa nimelia kutoka Mbeya mpaka Iringa, macho yamevimba, sauti imekauka kabisa.

Nilirudi nyuma nikataka kukimbilia barabarani. Akanidaka mkono.

"Ingia ndani, Vimla. Usipige kelele, majirani watasikia."

Jamani, nisomeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kutukana kwenye komenti. Najua wa Ilomba mpo humu. Na jina mnaloniita nalijua.

Kwa msionifahamu, mimi ni Mhindi wa Iringa, nimezaliwa pale na kusoma pale. Miaka kumi na sita sasa nina duka la vitambaa vya sare Ilomba, Mbeya. Kinyakyusa nakisikia chote, hata mnaponisengenya dukani kwangu mwenyewe mkidhani sielewi.

Sasa twende.

Chama chetu, jina sitalitaja, kilikuwa kinatafuta mgombea urais. Walibaki wawili. Mama Bertha, nesi mstaafu, na Mheshimiwa Jailos, ambaye kila mtu alijua ndiye wa wakubwa. Kanda nyingine zote zilikuwa zimemaliza na hao wawili wamelingana. Ikabaki kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Atakayeichukua, huyo ndiye mgombea.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi hapa ndipo mnapoachwa.

Sisi wanachama tulipiga kura kwenye matawi yetu. Kanda nzima Mama Bertha alipata elfu arobaini na moja, Jailos elfu kumi na tisa. Kipigo cha mbwa koko, au siyo?

Thubutu.

Katiba ya chama inasema zile kura ni za kuwaongoza wajumbe tu. Anayehesabiwa ni mjumbe. Kila kata mjumbe mmoja, iwe na wanachama elfu tatu kama Ilomba, iwe na themanini kama huko kwingine. Wajumbe mia moja ishirini na moja wanaingia ukumbini, wanapiga kura ya siri, imeisha hiyo. Zile elfu arobaini na moja zinabaki kwenye makaratasi.

Na mjumbe wa Ilomba nilikuwa mimi.

Siku ya kunichagua palikuwa na vurugu, kila upande unavuta mtu wake. Mwisho akasimama Mama Andendekisye, mwenyekiti wa tawi, yule anayeuza mchele wa Madibira pale sokoni. Akasema tumpe Vimla, huyu hana mjomba wala shemeji chamani wa kumkonyeza. Watu wakacheka, mikono ikapanda.

Kisha akanishika bega.

"Kura zetu elfu mbili na mia sita za Mama Bertha unazo wewe, mwanangu. Usitupotezee."

Mwanangu! Miaka yote ile mimi nilikuwa "yule dada Mhindi". Kuanzia siku hiyo nikawa "Vimla wetu". Nilirudi dukani, nikajifungia stoo nikalia kama mjinga. Sikuwa nataka cheo wala nini, nilichotaka ni kubaki na lile jina.

Siku ya mkutano ikafika. Ukumbi uko Mbeya mjini, kura ni saa nane mchana.

Saa mbili asubuhi nipo kwenye foleni ya kujiandikisha, simu ikaita. Mdogo wangu Darshan, anaishi na baba Iringa. Analia.

"Ben, dada yangu, Pappa ameondoka. Alfajiri hii. Tunamchoma leo saa kumi."

Ngoja niwaeleze kitu. Nyie ndugu zangu mnazika siku ya pili au ya tatu, mnamsubiri wa kutoka Dar mpaka afike. Sisi Wahindu maiti hailali ndani. Ukifa asubuhi, jioni ni majivu. Mama yetu alipofariki nilichelewa saa moja tu, nikakuta moto unawaka. Uso wake sikuuona tena.

Nilikaa chini pale pale kwenye foleni.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Katibu wa kanda, Liberatus. Mpole huyo, sauti ya kusomea maombi kanisani. Akaninyanyua, akanikumbatia, akasema nichukue gari lake, dereva yupo na mafuta yamejaa. Akatoa na fomu ya mjumbe kuondoka kwa dharura. Akasema niweke sahihi tu, jina la mbadala watalijaza wao, mimi niwahi nikamuage mzee.

Nikasaini.

Sehemu ya jina ilikuwa wazi. Niliiona kuwa iko wazi, sitaki kuwadanganya. Kichwani kwangu kulikuwa na moto wa mama tu.

Njiani dereva anaendesha kama amebeba mayai. Tulipofika Igawa nikamwomba akanyage mafuta. Akajibu kuwa Katibu amemwambia asikimbize gari, abiria ana msiba. Nikaona ni utu wa Katibu. Nikamwombea baraka, mimi huyu!

Tuliingia Iringa saa tisa. Mengine mnayajua, baba na kikombe chake.

Ndani nilimkuta Darshan kwenye kochi, mto kaziba nao uso. Nikamwuliza baba kwa Kigujarati, kwa Kiswahili, kwa lugha zote ninazozijua, ni nini hiki. Akanivuta nikae, akaanza kunieleza.

Wiki mbili kabla, Liberatus alikwenda dukani kwa baba na faili. Akamwambia, mzee, uraia wako tumeutafuta hauonekani. Na kweli cheti cha baba kiliungua zamani, stoo iliposhika moto. Liberatus akasema binti yako akipiga kura ile, watu watakuja kukuuliza karatasi. Asipopiga, faili nalifunga. Habari ya kuchoma maiti siku hiyo hiyo hakuhitaji kuambiwa, kwa sababu alikuwepo kwenye msiba wa mama.

"Kwa hiyo ukakubali kufa?" nikamwuliza.

"Kwa siku moja tu, beti, binti yangu."

"Pappa!"

"Nina miaka themanini na mbili, Vimla. Wakinifukuza nitakwenda wapi? India nimefika mara moja, nikaumwa tumbo wiki mbili."

Nilimpigia Liberatus, hapatikani. Saa nane ilikuwa imeshapita zamani.

Sasa kuna kitu ambacho Liberatus na baba yangu wote walikisahau. Walisahau watu wa Mbeya.

Saa kumi kasoro nikasikia honi nje, halafu kuimba. Kosta nzima. Wanawake ishirini na sita wa Ilomba, kanga kiunoni, wanashuka wakiimba wimbo wa maombolezo. Wamebeba nusu gunia la mchele, maharage, sufuria, mpaka kuni. Habari ya msiba wangu ilipofika kwenye grupu la tawi, walifunga genge, wakakodi gari, na dereva wao hakuambiwa aende polepole.

Darshan aliruka kumficha baba. Tayari walikuwa mlangoni.

Wimbo ulikatika katikati. Wakamtazama baba, wakanitazama mimi, wakamtazama tena baba. Na yeye kwa kuchanganyikiwa, masikini, akasema, "Karibuni chai."

Pale pale simu ya mmoja wao, Anjela, ikalia ujumbe umeingia. Akausoma kwa sauti, nafikiri hata hakujua kuwa anasoma kwa sauti.

"Jailos sitini na moja. Mama Bertha sitini."

Mama Andendekisye akanigeukia.

"Vimla. Umepiga kura?"

"Sijapiga, mama."

"Nani kapiga kwa ajili yetu?"

"Sijui. Nilisaini fomu, jina lilikuwa halijajazwa."

Nilitaka kusema yote. Nilifungua mdomo kabisa! Lakini nyuma yao baba alikuwa ananitikisia kichwa, chai inamwagika kwenye sweta. Nikaona kuwa nikiyasema hapa mbele ya watu ishirini na sita, kesho Iringa na Mbeya nzima itajua mzee hana karatasi. Nikafunga mdomo. Kosa langu ni hilo, na lilikuwa langu peke yangu.

Mama Andendekisye hakupandisha sauti.

"Umemuua baba yako mzazi ili usitupigie kura."

Wakatoka mmoja mmoja. Darshan aliwakimbilia na mchele wao, wakakataa kuupokea. Chakula kikishapelekwa msibani, kwao hakirudishwi nyumbani. Ule mchele ulikaa barazani siku tatu, hatukuweza hata kuugusa.

Nilirudi Ilomba kwa sababu duka liko Ilomba. Januari, mwezi wa sare, nilikuwa nakaa peke yangu na marobota yangu mpaka jioni. Wakinipita wananiita Vimla Ufufuo. Jina limekolea mpaka watoto wa chekechea wanalijua. Mama Andendekisye yeye hakuniita chochote. Alikuwa anapita upande wa pili wa barabara na ungo wake, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mwezi wa tatu nikachoka. Nikaandika majina yote ya baba kwenye karatasi, nikaenda ofisi inayohusika kuuliza wazi wazi, liwalo na liwe. Karani akashusha daftari kubwa la zamani. Haikufika hata saa nzima. Jina lipo, namba ipo, mwaka 1963.

Akaniuliza, "Nani aliwaambia hayupo?"

Nikamwomba nakala.

Nilimpelekea baba nakala Iringa. Akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Akampa Darshan amsomee tena. Kisha akawa anaikunja na kuikunjua.

"Kumbe siku zote nilikuwemo," akasema. Halafu akanitazama. "Jumamosi nipeleke Ilomba. Nitasimama mbele ya wale kina mama, niseme mwenyewe."

Nyie, nilifurahi! Nilirudi Mbeya naimba. Nilifagia duka, nikanunua viti vya plastiki sita, nikahesabu siku.

Alhamisi alfajiri Darshan akapiga simu.

Naona aibu kuandika hili, lakini nimeahidi kusema yote. Mdogo wangu analia baba amekufa, mimi nikamwambia anionyeshe kwa video. Akanionyesha. Safari hii ilikuwa kweli.

Kabla sijapanda gari niliandika kwenye grupu la tawi: "Ndugu zangu, baba yangu mzazi amefariki leo Iringa." Watu mia mbili na kumi walisoma. Akajibu mmoja tu, mtu ambaye namuuzia uzi kila wiki.

"Safari hii mtamchoma saa ngapi?"

Na vikatuni vya kucheka.

Msibani tulikuwa watu kumi na mmoja. Moto ulikuwa bado haujawashwa nilipoona gari linaingia, na lile gari nalijua, nimelia ndani yake saa sita nzima. Akashuka Liberatus. Fulana ya chama, maua mkononi. Mbeya nzima, aliyekuja kumzika baba yangu ni yeye peke yake.

Akanipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili.

"Pole sana dada yangu. Mzee alikuwa mtu wetu."

Mngekuwa nyie mngefanya nini? Baba kalala pale mbele. Pandit, kuhani wetu, anasubiri. Sikuweza kumrushia mtu ngumi mbele ya maiti ya baba yangu. Nikauacha mkono wangu kwenye mikono yake, na dereva wake akapiga picha.

Jioni ile picha ikaingia kwenye grupu la tawi. Mimi na Katibu, mkono kwa mkono. Chini wameandika: "Katibu wa kanda akimfariji mwanachama wetu mwaminifu."

Dakika chache baadaye simu ikaniandikia: "Mama Andendekisye amekuondoa kwenye kundi."

Basi ndugu zangu, hayo ndiyo yangu. Shahidi wangu ni majivu, na Darshan aliyepiga ile simu ya uongo, nani atamwamini?

Ila mjue hivi. Kuiba kura elfu arobaini na moja kunataka watu wengi, magari mengi, na kuna siku mmoja wao ataropoka. Kuiba mjumbe mmoja kulihitaji mzee mwoga na simu ya dakika moja. Chama chenu kikiwaambia kura zenu ni za kuwaongoza wajumbe tu, ulizeni mjumbe naye anaongozwa na nani. Na mtu akikutisha kwa faili, nenda kafunuliwe daftari siku hiyo hiyo. Sisi tulichelewa miezi.

Mama Andendekisye, najua maandishi marefu kwenye simu huwa unasomewa. Kama kuna mtu atakusomea hii, mwambie arudie hapa mwisho mara mbili.

Kura zenu sikuziuza, mama. Nilizisaini bila kusoma jina, halafu ulipokuja kuniuliza ana kwa ana, nikanyamaza.