Malkia Kumi na Wawili

Land Cruiser nyeupe ilikata kona ya tatu ikiserereka kwenye barafu.

Nyuma yake, kwenye gari lingine, jasusi Sindano hakugusa breki.

"Sindano, unanipata?" Redio ya Motorola ilikoroma.

"Nakupata, Bosi."

"Ndege inaondoka saa nane mchana. Malkia wasipande."

"Hawapandi."

Jua lilikuwepo, lakini jua la milima ile ni la kupigia picha tu, halipashi hata ukucha. Theluji ilifika kwenye madirisha ya nyumba. Hakukuwa na binadamu njiani.

Malkia wenyewe walikuwa nyuki. Ukicheka, cheka, ila sikiliza kwanza. Kwa miaka kumi na moja, kituo kimoja cha utafiti huko mwisho wa barabara kilitafuta nyuki wanaostahimili baridi kali na utitiri unaowamaliza wenzao. Mizinga ilianza mia tatu. Waliovuka walikuwa malkia kumi na wawili, waliotunzwa kwenye chumba chenye joto. Hakuna wengine popote.

Ndipo akaja mtu wa ng'ambo, suti safi, maneno laini, akajiita Mfadhili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue. Alitaka kuwatorosha malkia, awasajili kwa jina la kampuni yake, kisha atuuzie vizazi vyao kwa bei ya kututoa roho.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za Land Cruiser yake ziliishia kwenye geti la kiwanja cha ndege.

Sindano aliruka nje, Glock mkononi.

"Mikono juu! Boksi chini!"

Mfadhili aliweka chini boksi la plastiki, akatabasamu. Mtu anayeelekezewa bastola hatabasamu hivyo.

Sindano alifungua. Ndani mlikuwa na vizimba kumi na viwili vya mbao, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vimepangwa juu ya barafu. Nyuki wote wamekufa. Nyuki vibarua, hakuna malkia hata mmoja.

Chambo.

Sindano alikulia nyumba ya wafuga nyuki. Alijua kwamba malkia hasafirishwi kwenye barafu. Husafiri kifuani mwa mtu, ndani ya nguo, apate joto la mwili. Na mwenye kumbeba hakai, haegemei, hakumbatii mtu.

Alimwachia askari wa getini yule Mfadhili, akaingia chumba cha abiria.

Jiko la chuma lilikuwa jekundu kwa moto. Abiria wote walikuwa wamevua makoti. Mmoja tu alisimama wima katikati ya chumba, zipu imefungwa hadi kidevuni, jasho linamtiririka.

Mtafiti mkuu wa kituo.

Dada yake, tumbo moja.

Sasa alielewa kwa nini Bosi alimchagua yeye kati ya majasusi arobaini. Nani mwingine angemjua mwanamke huyu kwa kumwangalia tu? Akamsogelea.

"Dada."

"Umekonda," dada alisema. "Hawakulishi huko?"

"Fungua koti."

"Usinifokee. Nimekubeba mgongoni mimi."

"Dada, tafadhali. Fungua."

Hakufungua. Alimtazama, macho mekundu kwa uchovu.

"Nimeomba fedha za utafiti mara tisa. Tisa, mdogo wangu! Juzi wamenijibu kwamba nyuki si kipaumbele. Mafuta ya kupasha kile chumba yanaisha Jumapili. Ulitaka nikae nao wafe, niitwe mzalendo?"

"Huyu mtu angewafanya mali yake."

"Wangekuwa hai."

Sindano alifundishwa kuvunja mkono kwa njia sita, hili hakufundishwa.

Dada alifungua zipu polepole. Akavitoa vizimba kimoja kimoja, akavipanga ndani ya shati la mdogo wake, kwa vidole vilevile vilivyokuwa vikimfunga vifungo vya sare ya shule.

"Usiwabane. Tone la maji ya sukari kila asubuhi. Niahidi."

"Nakuahidi."

Kisha Sindano akamfunga pingu.

Simu iliita kabla hawajafika kwenye gari.

"Kazi safi," Bosi alisema. "Vielelezo vipeleke stoo."

"Wanahitaji joto, Bosi. Niwarudishe kituoni."

"Kielelezo kinafungwa kwa lakiri, kinakaa stoo hadi siku ya kesi. Ndiyo sheria."

"Watakufa."

"Kesi haihitaji wawe hai."

"Na Mfadhili?"

"Ana kinga ya kibalozi. Tumemruhusu apande ndege."

Stoo ya vielelezo ilikuwa chumba cha zege, dirisha limepasuka, ndoo ya maji imeganda kwenye kona. Mtunza stoo, glavu mikononi, alifungua rejesta.

"Vitu gani?"

"Nyuki. Malkia."

"Nyuki hawana safu humu. Naandika vizimba vya mbao, kumi na viwili. Weka hapa."

Vizimba vilivuma taratibu kifuani mwa Sindano. Angeweza kugeuka akaondoka. Mlango ulikuwa wazi. Lakini mtu aliyewahi kupenya walinzi kumi kwa bastola moja alishindwa kukaidi kaunta na kalamu. Akavitoa, akavipanga mezani, akatia sahihi.

Siku ya tatu alikwenda kuangalia. Aliweka sikio kwenye kila kizimba, kimoja baada ya kingine, hadi cha kumi na mbili. Hakuna kilichovuma. Mtunza stoo alimwuliza kama amepoteza kitu.

Mchana huo alipewa cheti cha pongezi. Saa moja baadaye alikwenda kumwona dada yake mahabusu, wakaketi wavu kati yao.

Dada hakuuliza habari za wakili. Hakuuliza habari za kesi.

"Wazima?"

"Wazima," Sindano alisema. Sauti yake haikuyumba. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea.

"Wote?"

"Wote kumi na wawili."

Dada alifumba macho, akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sindano alisimama, akavaa miwani yake ya jua, akanyoosha koti. Alitembea kwenye korido ndefu hatua moja moja, bila haraka, na askari wa zamu wakasema kweli huyu ni mwanaume. Hakugeuka. Angegeuka, angemkuta bado anatabasamu.