Mapigo ya Moyo Usio Wake

"Simama! Nakwambia simama hapohapo, mapigo yamefika mia na sabini na sita!"

"Nimesimama, mama. Nimesimama," mumewe alijibu kwenye simu, sauti imetulia kama ya mtu anayesubiri zamu ya kunyolewa.

"Umesimama wapi na yanazidi kupanda? Mia na themanini sasa! Kaa chini!"

"Nimekaa."

Mke, fundi cherehani, hakungoja zaidi. Aliacha sketi ya mteja chini ya sindano, akatoka mbio kuelekea uwanja wa mazoezi, tepu ya kupimia ingali shingoni.

Daktari alishasema wazi. Mume wake, mwashi aliyeanguka kazini mwaka jana kwa maradhi ya moyo, akimbie polepole kila asubuhi, mapigo yasipite mia na thelathini. Wakanunua saa ya mkononi inayohesabu mapigo na kuyatuma kwenye simu ya mke. Wiki sita namba zilikuwa nzuri. Mia na ishirini. Mia na ishirini na tano. Mke alizitazama huku anashona, moyo wake kwatu.

Na safari yake ilitegemea namba hizo. Kiwanda cha sare, mji wa mbali, kilimwandikia barua akawe msimamizi wa wakataji vitambaa, wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Miaka ishirini ameipindia mgongo cherehani, bahati kama hiyo haijawahi kubisha hodi. Alimwambia mumewe: moyo wako ukitengemaa nakwenda, usipotengemaa nabaki.

Uwanjani alimkuta amekaa kwenye ngazi za saruji. Shati kavu. Mkono mtupu. Simu inasoma mia na sabini na tisa.

"Saa iko wapi?"

Mume akauficha mkono mgongoni.

"Nakuuliza, huu moyo wa nani?"

Mume akatupa jicho upande wa pili wa uwanja. Huko mwanamke mwenye kitambaa chekundu alikuwa anakimbizana na mabinti wa klabu ya riadha, saa ile inameta mkononi.

"Ahaa. Kumbe ndiyo mazoezi yenyewe! Mimi nimekaa nahesabu mapigo ya hawara."

"Siyo hivyo, mama..."

"Nyamaza! Wiki sita nalala na simu kifuani kama mjinga!"

Mwanamke akakata kona, akawaona, akafunga breki. Akaja anahema, uso chini. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, yule mwoka mikate.

"Weee, wifi! Umefika saa ngapi?"

"Wewe ndiye uliyefika mia na themanini?"

"Kale kabinti kamenipita, wifi, halafu kananiita bibi! Hasira zikanipanda, nikasahau kwamba nimevaa moyo wa kaka."

Fundi alitaka kucheka, alitaka kulia, akakosa nguvu ya vyote viwili. Akakaa ngazini.

"Haya, sema," alimwambia mumewe.

"Siku ya kwanza nilijaribu, kabla sijaivaa saa. Mzunguko mmoja tu, macho yanaingia giza. Nikajua ukiziona namba zangu, barua ya kiwanda utaichana."

"Kwa hiyo ukaona bora niondoke, nije kurudi kuzika?"

"Nilitaka uende. Ulipoolewa uliacha masomo. Nilipoanguka uliacha wateja. Nimechoka kuwa sababu yako ya kubaki."

"Na mimi nimechoka tu, mume wangu. Waume wa wenzangu wanaongopa ili watoke. Wangu anaongopa ili nitoke mimi."

"Nilimwambia kaka," wifi alidakia, "njia ya mwongo ni fupi."

"Wewe unyamaze! Wiki sita umeikimbia, hukuuona ufupi wake?"

Wifi akavua saa, akaiweka ngazini, akajisogeza pembeni.

"Tunakwenda kwa daktari sasa hivi," fundi alisema. "Utamweleza hilo giza. Lolote atakalosema, tulisikie wote wawili."

"Na kazi yako?"

"Nitawapigia leo. Nitakwenda."

Mume akaitikia kwa kichwa, lakini machozi yakamlengalenga. Alichokitaka amekipata, na kimemuuma.

"Ila siendi peke yangu. Daktari akikuruhusu kusafiri, tunakwenda wote. Asipokuruhusu, wanisubiri au wamtafute mwingine."

"Mimi nitafanya nini huko? Mwashi asiyeweza kubeba tofali?"

"Utanisubiri nirudi kutoka kazini. Mimi nimekusubiri miaka ishirini, ulidhani ile haikuwa kazi?"

Mume akacheka, kicheko chembamba kilichokatikia katikati kwa kukosa pumzi. Mke akamshika kiwiko. Wakatoka getini mdogo mdogo, na kila aliposimama kupumzika, mke naye alisimama, hakuuliza neno, hakumharakisha.