Kipima Kompresheni Kilichonifanya Nimwite Fundi Mwizi

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na saba, ni mjane, nakaa Ngamiani, Tanga. Ninayoyaandika hapa yananitia kinyaa... na anayenitia kinyaa zaidi ni mimi mwenyewe.

Marehemu mume wangu aliniachia Pijo 404, pikapu. Ilikaa uani miaka minne chini ya turubai, kuku wakitaga ndani. Mimi nauza nazi, nazitoa Mwera huko Pangani, na kukodi gari kila safari kulinichosha. Nikaamua kuifufua.

Nilimwita Fundi Hemedi, Mbondei mmoja mtu mzima, mwenye kibanda mtaani kwetu. Alichomoa plagi, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaniambia nipige stata. Akafanya hivyo silinda zote nne.

"Injini nzima hii, mwanangu," akasema. "Inasukuma vizuri. Ugonjwa uko kwenye kabureta na nyaya."

Nilifurahi... mpaka alipokuja mdogo wangu Twalibu, tumbo moja na mimi, ambaye kazi yake ni kuuza spea za magari ya zamani. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Dada, zama hizi unapimiwa injini kwa kidole? Huyo atakula hela zako mpaka ukome! Nunua kipima kompresheni, kile cha kupima nguvu ya upepo kwenye silinda, uone namba kwa macho yako."

Maneno yakaniingia. Dukani nikaonyeshwa aina mbili. Moja unaifunga kwenye tundu la plagi kwa nati, inakaa yenyewe. Ya pili, ya bei nafuu, ina kichwa cha mpira tu, unaikandamiza kwa mkono wakati injini inazungushwa. Fundi Hemedi, nilipomwambia, alinisihi nijikaze nichukue ya nati, maana hiyo nyingine mkono ukilegea upepo unavuja, namba inashuka. Mimi nikaona anaogopa kupimwa! Nikachukua ya mpira.

Siku ya kupima, Twalibu alishika kipima. Mimi nilikaa kwenye usukani, nimekanyaga mafuta, napiga stata. Boneti iko juu, simwoni. Kila silinda akaniletea geji, mshale umeganda palepale, niisome. Ya kwanza, mia na arobaini. Ya pili, sitini. Ya tatu, sitini. Ya nne, hamsini na tano!

"Si unaona? Chini ya mia, imekufa," akasema. "Na yule mzee anajua fika kuwa imekufa."

Jamani, shetani gani alinipanda? Nilimfuata Fundi Hemedi kibandani, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake! Nikasema anakula vya wajane. Alikuja kukusanya spana zake nyumbani kwangu, akaniambia tu nizibe matundu ya plagi kwa kitambaa, mchanga usiingie.

Wateja wakamkimbia. Haukupita muda akafunga kibanda, akahamia Muheza.

Twalibu akaing'oa injini, eti anaiuza kama chuma chakavu na kunitafutia nyingine. Kila nikiuliza... kesho, kesho kutwa.

Kisha jirani yangu Chande, fundi wa pikipiki, akaazima kile kipima. Aliporudisha alikisifu. Nikashangaa. Kile cha bei nafuu?

"Si kibovu, Mama Rukia. Kinataka mkono wa nguvu tu." Akanionyesha kwenye pikipiki yake. Alipokandamiza, mshale ulipanda mpaka mia na arobaini. Alipolegeza kidogo tu... sitini! Tundu hilo hilo, dakika hiyo hiyo!

Kumbe Twalibu alikuwa analegeza mkono, nami simwoni! Nikaenda moja kwa moja kwa Twalibu. Nilimkuta anakula mishkaki, na hakuacha kutafuna.

"Usinifokee, dada," akasema. "Lingekuozea uani lile. Mteja wangu kaifunga injini kwenye gari lake na linatembea. Kosa langu nini?"

Mafuta yalikuwa yanamchuruzika kidevuni. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni, nikamfuta kamasi kwa khanga yangu! Nilitoka nje nikatapika. Mpaka leo sijala naye sahani moja, wala sitaki.

Lakini yeye aliiba injini tu. Mimi niliiba nini?

Nilikwenda Muheza. Nikampa shikamoo Fundi Hemedi, nikamweleza yote huku nalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Ila mbona umekuja kuniambia mimi? Mimi nilikuwa najua kwamba si mwizi."

Maneno yale yalinichoma kuliko tusi lolote! Nikarudi Ngamiani. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nikasimama barazani nikasema yote, kwa sauti, na jina la ndugu yangu nikalitaja. Wengine walinizomea. Mwanamke mmoja alitema mate chini, na sikumlaumu. Fundi Hemedi hakurudi. Kwenye kibanda chake sasa zinauzwa vocha.

Wasomaji wenzangu, nawaomba sana! Kipima cha bei nafuu nunueni, hakina dhambi. Lakini simama ukione kinavyoshikwa, na asikushikie mwenye hamu na gari lako, hata awe ndugu wa damu. Na ukitaka kumwita mtu mwizi hadharani, funga mdomo kwanza, upime tena... Mimi sikupima, na aliyelipa ni mzee asiye na hatia.