Bwana Jela Aliyewafungia Wanawe

Jamani, hili nalisema, maana tumezidi kunyamaza.

Jumapili moja mchana, fundi cherehani alikuwa sebuleni anakunja nguo, wanawe watatu wanacheza karata na kuchekana. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mumewe, askari wa gereza, katoka zamu mbili mfululizo.

"Hesabu!" akafoka.

Wawili wakubwa wakachuchumaa upesi bega kwa bega, mikono kichwani, kama wafungwa wanaohesabiwa wawili wawili. Kitinda mimba akakosa wa kupangwa naye, akaanza kulia.

"Baba watoto, hii ni sebule! Hawa ni wanao!"

"Akitoroka mmoja, naulizwa mimi." Akawahesabu tena. Watatu! Hata kuku hawahesabiwi hivyo.

Mama alichoka. Yeye aliolewa na mcheshi, mtu wa kuimba akioga. Lakini kule kazini askari wanne wanalinda wafungwa mia tatu. Mmoja alipotoroka, askari wa zamu alifukuzwa, na tangu siku hiyo mumewe usingizi ukampaa. Aliomba likizo mara tatu. Mara tatu akaambiwa, "Askari halegei." Mama akimtajia daktari, anang'aka, "Mimi kichaa?"

Jumatatu akaenda kazini. Mama kusukuma mlango, umefungwa kwa kufuli, kwa nje! Madirisha yana nondo. Saa tatu kitinda mimba akabanwa na pumu, na dawa ya kuvuta imeisha. Mama akapiga simu wee, haipokelewi. Simu za askari huachwa getini. Akapiga kelele dirishani mpaka jirani, fundi wa kuchomelea, akaja mbio na msumeno wa chuma.

"Shemeji, nani kakufungia?"

"Kata kwanza, umbea baadaye!"

Mtoto alifika hospitali midomo imebadilika rangi. Akawahiwa, lakini kwa tundu la sindano.

Alipotulia, mama akamwacha na shangazi yake, akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa gereza, kandambili miguuni.

"Mama, hapa sote tunachoka," mkuu akasema.

"Sasa mnasubiri nini, afande? Tuzike kwanza?"

Mumewe akaitwa, akasimuliwa. Akakunja uso kwa hasira.

"Nani kawafungia wanangu?"

Hakukumbuka, jamani. Akaingiza mkono mfukoni, akazikuta funguo. Akakaa palepale sakafuni, na magwanda yake, akalia.

Ndipo mkuu akaandika likizo, na barua ya kumpeleka kwa daktari wa akili. Dakika mbili tu! Mara ile ya kwanza kalamu ilikuwa wapi?

FUNZO

Mlinzi naye ni mtu. Wakubwa, askari akisema amechoka, amechoka. Msimwambie habari za kulegea. Na sisi wa nyumbani tuache kusema "ndiyo kazi yake" huku tunaona mtu anapotea. Kwenda kwa daktari wa akili si ukichaa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hapa kilio kilikuwa kiwe cha mtoto wa miaka minne, ambaye hilo gereza lenyewe hajawahi hata kuliona.